Bunduki ya kwanza ya semi-otomatiki ukiwa Ohio: anza na .22, ya kulungu itakuja

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi ni mtu wa Kigoma, niko Columbus, Ohio, mwaka wa tano sasa, nina grinkadi na miaka 29. Wenzangu wa ghalani wanawinda kulungu kila mwaka na safari hii wameniambia twende wote. Nataka kununua bunduki yangu ya kwanza, semi-otomatiki, iwe ya kuwinda na pia kulenga shabaha wikiendi. Mmoja anasema ninunue AR-15 ya .223, mwingine anasema nijenge mwenyewe kwa kununua vipande ni rahisi zaidi. Bajeti yangu ni dola 900 kila kitu. Na mke wangu hataki kusikia habari ya bunduki ndani kwasababu tuna watoto wawili. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri, tena umetaja na jimbo, maana watu wengi wananiuliza "bunduki gani nzuri" bila kusema wanaishi wapi, na hapo ndo kila kitu kinapoanzia. Marekani sheria ya kuwinda sio moja. Kitu ambacho jamaa wa Texas anakifanya kila Jumamosi wewe Ohio kinakuletea askari wa wanyamapori shambani.

Kwahiyo kabla hatujaongelea chapa yoyote, ile AR-15 ya .223 anayokushauri mwenzako wa ghalani (ni semi-otomatiki, yaani kila ukivuta triga inatoka risasi moja alafu inajikoki yenyewe, na .223 ni aina ya risasi yake), kwa kulungu wa Ohio HAIRUHUSIWI. Sio kwamba ni mbaya, ni bunduki nzuri tu, ila Ohio kulungu hapigwi na risasi ya aina hiyo. Jimbo linataka bunduki ya mtutu mrefu inayowindia kulungu itumie risasi yenye ganda lililonyooka, yaani ganda ambalo halina shingo. Chukua risasi ya .223 uiweke mezani uitazame kwa pembeni, utaona ganda ni nene chini alafu karibu na juu linabana kama chupa ya soda, ndo kichwa cha risasi kinatokea pale kwenye shingo. Hiyo ya chupa hapana. Inayotakiwa ni ile iliyonyooka kama kipande cha bomba kutoka chini mpaka juu, na kipenyo kianzie .357 ya inchi kisizidi .50. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya Ohio ni tambarare, mashamba ya mahindi na soya na nyumba za watu katikati, na hizi risasi za ganda lililonyooka ni nzito na zinaanguka mapema kuliko zile za mwendo kasi. Kwa miaka mingi kulungu wa Ohio alipigwa zaidi kwa shotigani, hizi bunduki za ganda lililonyooka zimeruhusiwa tangu 2014.

Na kuna kitu cha pili hapohapo, ukiwa kwenye kulungu bunduki yako isiwe na risasi zaidi ya 3, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na magazini (kiboksi cha kuwekea risasi) kwa pamoja. Kwahiyo hata ukiwa na semi-otomatiki yenye magazini ya risasi 30, msituni ni 3 tu. Mtu anayekuuzia wazo la semi-otomatiki kwa sababu "utapiga nyingi haraka" hakusaidii, kulungu anapigwa na risasi moja iliyokaa mahali pake, na kama ya kwanza haikukaa, ya pili unayoifyatua kwa kuhaha mara nyingi inakaa vibaya zaidi.

Sasa niseme ushauri wangu wote kwa sentensi moja alafu ndo nieleze: kwa dola 900 nunua Ruger 10/22, semi-otomatiki ndogo ya risasi ya .22, hela itakayobaki iende kwenye risasi, vizibo vya masikio na kasha la kufungia, msimu wa kwanza wa kulungu azima bunduki ya halali kwa mwenzako ukiwa naye pembeni, alafu mwaka wa pili ndo ununue ya kulungu ukiwa tayari unajua kupiga.

Najua sio jibu ulilotaka. Wengi wakisikia .22 wanaona ni ya watoto. Ila mimi nafundisha watu wazima kila mwaka na wale wanaoanza na bunduki yenye kishindo kikubwa karibu wote wanajifunza kitu kimoja kibaya, kuogopa. Bunduki inapiga teke begani, mlio unashtua hata ukiwa umeziba masikio, basi ubongo unaanza kujua kwamba nikivuta triga nitaumia, na mara ya kumi ile sekunde kabla ya mlio jicho linafumba na mkono unasukuma mtutu chini. Mwenyewe hajui. Anaona tu risasi zinaenda chini kushoto anasema skopu (darubini ya kulengea) mbovu. Kuiondoa hiyo tabia inachukua miezi. Wakati .22 haina teke la kusema, unavuta triga unaona kabisa alama ilikuwa wapi wakati risasi inatoka, na hapo ndo mtu anajifunza.

Alafu kuna hesabu. Risasi za .22 kwa bei ninazonunua mimi ni kama senti 8 mpaka 10 moja. Za .223 ni kama senti 50. Za 350 Legend, ambayo nitaieleza chini, ni dola moja na kuendelea. Kwahiyo ukienda renji (uwanja wa kulengea shabaha) Jumamosi ukapiga risasi 100, kwa .22 umetumia hela ya soda na sambusa, kwa 350 Legend umetumia hela ya matumizi ya nyumbani ya wiki, na ndo maana watu wananunua bunduki kubwa alafu wanapiga risasi 20 kwa mwaka mzima na wanaenda porini hivyohivyo.

Ruger 10/22 imeanza kuuzwa 1964 na haijaacha kuuzwa, ndo maana kila duka lina vipuri vyake. Magazini yake ya kawaida inachukua 10, ni kiboksi kidogo kinachoingia tumboni mwa bunduki kikalingana kabisa, hakitokezi. Mpya ni kama dola 300 hadi 400 kutegemea kitako ni cha mbao au plastiki. Weka na skopu ya dola 100 hivi, usinunue ya dola 30, utajuta. Ohio hiyohiyo .22 unaweza kuwindia kindi, msimu unafunguliwa Septemba 1, na nakuambia ukweli kindi kwenye mti wa mwaloni asubuhi anafundisha uwindaji kuliko kulungu, maana utakaa kimya, utasikiliza, utatembea taratibu, na utakosa mara nyingi bila kumuumiza mnyama mkubwa. Ila ukimpiga kindi juu ya mti hakikisha shina au tawi nene liko nyuma yake, usipige kuelekea angani, kwenye maboksi ya .22 wenyewe wanakuonya kwamba inaweza kusafiri maili moja na nusu.

Kwenye kulenga shabaha nako hujapoteza. Kuna mafunzo ya Appleseed, yanafanyika sehemu nyingi za Marekani, siku mbili za wikiendi, na watu wengi wanaenda na hiyohiyo 10/22, mnapiga shabaha za yadi 25 zilizochorwa ndogo kana kwamba ziko mbali. Nilipoenda nilikuwa nadhani najua kupiga. Siku ya kwanza mchana nikagundua mkanda wa bunduki sio wa kubebea tu, ukiufunga vizuri mkononi bunduki inatulia kama imewekwa juu ya jiwe. Na wewe uko Ohio, una bahati, uwanja wa Camp Perry uko hukohuko kaskazini kando ya Ziwa Erie, mashindano ya taifa ya kulenga shabaha yalianza kufanyika pale 1907. Nenda hata kutazama tu.

Sasa kuhusu ya kulungu, mwaka wa pili. Ukitaka semi-otomatiki, kwa Ohio naona 350 Legend ndo inakufaa kuanzia. Winchester waliitoa 2019, na waliitengeneza wakiwalenga watu wa majimbo kama lako. Ganda limenyooka, jina linasema 350 lakini kipenyo chake kinahesabika .357 kwahiyo ni halali, teke lake ni la kiasi, na inaingia kwenye AR-15. Hapo ndo ushauri wa mwenzako unapata maana kidogo, maana AR ina nusu mbili, ya chini yenye triga, kitako na mahali pa magazini, na ya juu yenye mtutu na bolti (kile chuma kinachovutwa nyuma kufungua chemba), na zinashikwa na pini mbili tu, unazisukuma nusu zinaachana. Kwahiyo mtu anaweza kuwa na nusu ya chini moja na nusu za juu mbili, ya .223 kwa shabaha na koyoti (mnyama wa huku kama mbweha), na ya 350 Legend kwa kulungu. Magazini ni tofauti lakini, usichanganye.

Na hapa naomba usome polepole. Ukishakuwa na AR za risasi tofauti ndani ya nyumba moja hatari sio ya kufikirika. Kuna risasi inaitwa 300 Blackout, inaingia kwenye magazini zilezile za .223 na saa ingine inaingia hadi kwenye chemba ya .223, ila kichwa chake ni kinene kuliko mtutu, ukifyatua bunduki inapasuka mbele ya uso wako. Kwa mtu anayeanza mi nasema iache kabisa. Hata kwa zile nyingine, magazini za kila aina ziwe na rangi yake, na siku ya renji toka na aina moja tu ya risasi, nyingine zibaki nyumbani. Na kwa .223 yenyewe angalia mtutu umeandikwa nini, ukiandikwa 5.56 unapiga zote mbili, ukiandikwa .223 Remington peke yake usitie 5.56, zina presha tofauti.

Risasi ya 450 Bushmaster nayo ni halali Ohio na inaua kulungu bila swali, ila teke lake ni kubwa, sio ya kuanzia.

Habari ya kujenga. Watu wanasema kujenga kana kwamba unachonga kitu, ukweli ni kuunganisha vipande vya dukani. Kisheria kile kipande cha chini chenye namba ndo bunduki yenyewe, kinanunuliwa kwenye duka lenye leseni na unakaguliwa kama umenunua nzima, vingine vinakuja kwa posta. Kosa sio. Ila kwa bunduki ya KWANZA nakukatalia na sababu zangu ni hizi. Bunduki ikikwama, na ya kujenga mwanzoni itakwama, wewe bado hujui kama tatizo ni risasi, magazini, gesi inayosukuma bolti, au mkono wako, maana hujawahi kushika inayofanya kazi vizuri ukajua inatakiwa ihisi vipi. Ya kiwanda ikikwama unairudisha wanatengeneza. Alafu hela unayodhani umeokoa inaishia kwenye spana na vifaa vya kukazia mtutu utakavyotumia mara moja. Na kuna mitego ya sheria, kwa mfano mtutu wa bunduki ya begani ya aina hii lazima usipungue inchi 16, ni sheria ya shirikisho, mtu anaona mtutu mfupi mtandaoni bei nzuri anauweka na kitako, tayari ana kosa kubwa la jinai bila kujua. Kwa sisi wageni hilo sio faini, ni kesi ya kurudishwa. Ukitaka sana kuonja, mwaka wa tatu nunua nusu ya juu iliyokamilika kutoka kiwandani uiweke kwenye nusu ya chini uliyonayo, inatosha.

Tukiwa kwenye sheria, siku ya kununua. Uko na grinkadi, unaruhusiwa kununua, miaka 18 imepita kwa bunduki ndefu. (Msomaji mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwako ni marufuku kwa kawaida isipokuwa uwe ndani ya zile ruhusa chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda, muone wakili kwanza.) Utajaza fomu inaitwa 4473. Kuna swali la uraia, weka nchi yako, usije ukaweka alama ya raia wa Marekani kwa haraka au kwa aibu, kudai uraia ambao huna ni kitu kinachowaharibia watu maisha hapa. Watataka ile namba ya A (namba yako ya mhamiaji) iliyo kwenye grinkadi. Kitambulisho chako kiwe na anwani unayoishi SASA, wengi wetu tunahama apatimenti tatu na leseni ya udereva bado ina ya kwanza. Kuna swali la bangi, Ohio walipiga kura kuiruhusu Novemba 2023 lakini fomu ni ya shirikisho na shirikisho bado linakataza, anayevuta asinunue, na asidanganye kwenye fomu. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa ugomvi wa nyumbani hata kosa dogo pia hawezi. Na usimnunulie mtu. Rafiki akikwambia "ingia wewe unichukulie nakupa hela yako", hata kama ni mtoto wa mjomba, kataa, ni jinai yako wewe. Na usifikirie kamwe kupeleka bunduki au hata vipande vyake nyumbani kwenye kontena la shehena, kule kuna sheria zake na huku kuna kibali cha kusafirisha nje.

Kwa msimu wa kwanza kuna leseni ya mwanafunzi Ohio, unaruhusiwa kuwinda kabla ya kumaliza kozi ya uwindaji ukiwa umeandamana na mtu mzima mwenye leseni. Ila fanya kozi tu mdogo wangu. Kibali cha kulungu kinanunuliwa peke yake. Kwenye shamba la mtu ruhusa iwe ya maandishi. Na wiki ya kuwinda kulungu kwa bunduki vaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya nguo zote.

Nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu maana hiki ndo kimenifanya nianze kufundisha. Siku yangu ya pili kushika bunduki, ilikuwa 10/22 ya kuazima, nilimaliza kupiga nikachomoa magazini, nikaiweka mezani, nikageuka kuongea. Mzee aliyekuwa ananifundisha akaniuliza imeisha? Nikasema ndio, magazini hii hapa. Akasema vuta bolti. Nikavuta, ikaruka risasi nzima, ikagonga meza, ikabingirika mpaka ukingoni. Magazini ilikuwa mkononi na risasi ilikuwa chemba. Yaani semi-otomatiki kila ukipiga inajikoki yenyewe, inaingiza nyingine, kwahiyo kuchomoa magazini hakuondoi ile ambayo tayari imeingia. Na 10/22 ya kawaida bolti haibaki wazi risasi zikiisha, inafunga, kwa macho huwezi kujua iko tupu au ina kitu. Tangu siku hiyo ni magazini kwanza, alafu vuta bolti uishike wazi, alafu tazama, alafu ingiza kidole kidogo uguse chemba. Hata kama umetoka kuifanya dakika moja iliyopita. Hata kama mwenye bunduki amekuambia iko tupu. Mtutu wakati wote huo unaangalia mahali ambapo ikilia haitaumiza mtu, kidole nje ya triga. Sefti ya 10/22 ni kitufe kinachopita upande kwa upande mbele ya triga, ukiona duara jekundu iko tayari kufyatua, lakini sefti ni chuma, inaharibika, usiiamini kuliko mkono wako.

Mazoezi ya kulungu fanya na sahani ya karatasi, zile za pikiniki. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu wa huku ni kama inchi 8, karibu na sahani hiyo. Skopu irekebishe kwanza ukiwa umeegemea meza mpaka risasi ikae pale unapolenga, .22 kwa yadi 50, 350 Legend kwa yadi 100, alafu toka mezani, piga goti, piga ukiwa umekaa chini, piga umeegemea mti. Umbali ambao risasi zako 5 kati ya 5 zinakaa ndani ya sahani bila meza, huo ndo umbali wako wa kuwinda mwaka huo. Ukiwa ni yadi 60 basi ni 60, kulungu wa yadi 120 mwangalie akipita.

Na kwa sababu ndugu wengi Waislamu wananiuliza: taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, nenda kwa mnyama haraka, ukimkuta bado hai mchinje. Mengine muulize sheikh wako. Kwa nyama ya kula na watoto mimi nanunua risasi za shaba tupu, zile za risasi-madini zinasambaa vipande vidogo kwenye nyama usivyoviona. Na ukitoka renji nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula.

Nimemwacha mke wako mwisho kwasababu ndo muhimu. Yuko sahihi kuogopa, usimbishie. Nunua kasha la chuma lenye kufuli KABLA ya bunduki, liwe limeshakazwa kwa skrubu nene ukutani siku bunduki inaingia ndani, na mwonyeshe. Bunduki ndani yake tupu, risasi kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo wake, chumba kingine. Ufunguo usikae juu ya kabati, watoto wanajua kila kitu kilicho juu ya kabati. Alafu mchukue naye aende kozi ya usalama, hata kama hatapiga risasi hata moja maishani, ajue kuifungua bolti na kuhakikisha iko tupu mwenyewe, siku ukiwa kazini zamu ya usiku asiwe analala na kitu ambacho hakijui. Kama baada ya hayo yote bado anasema hapana, watafute wenzako, kuna renji zinazokodisha bunduki na kuzitunza wenyewe, na ya kulungu utaazima ukiwa na mwenye bunduki pembeni, msimu wa kwanza unaweza kuisha hivyo na bunduki haijalala nyumbani kwenu hata usiku mmoja.